Shanga ndogo, uzi gani? Namna ya kusuka mkufu usiokatika haraka

Mkufu wa shanga ukikatika sokoni, mambo yanaenda mbio. Shanga zinamwagika chini, nyingine zinaingia kwenye matope, watoto wanakimbilia kuokota, na yule aliyeuvaa anabaki na uzi mkononi. Hatasema kwamba shanga zilikuwa mbaya. Atasema: mama fulani alinila makuta yangu. Wiki inayofuata, mama yule akirudi na meza yake, watu watapita mbele yake bila kusimama.

Hapa kwetu Opala kuna wamama na mabinti wanaosuka mikufu, bangili, hata mifuko ya mkono kwa shanga. Wanaifanya mchana wakitoka shamba, au siku ya mvua, au wakati mchele unakauka juu ya mkeka na mtu lazima abaki pale kufukuza kuku. Si kazi ya kutajirisha mtu. Lakini inalipa daftari, inalipa sabuni na chumvi, na siku nyingine inalipa dawa ya mtoto. Kwa hiyo mkufu unaokatika si jambo dogo kama linavyoonekana.

Mukisikiliza wasukaji wakiongea, mingi ni juu ya rangi: nyekundu na nyeupe, bluu ya bendera, ile dhahabu inayong'aa. Uzi wanaukumbuka mwisho, wakati shanga zimekwisha kununuliwa na pesa imebaki kidogo. Ndipo mtu anachukua uzi wowote ule aliouona kwa fundi cherehani. Sisi leo tutaugeuza mpango: tutazungumza juu ya uzi zaidi kuliko shanga.

Hata hivyo, neno moja juu ya shanga zenyewe, sababu vile vipande vya kioo vina historia katika mkoa wetu. Wafanyabiashara waliotoka Zanzibar, wale waliofikisha Kiswahili mpaka Kisangani, walitembea na shanga na vitambaa kama pesa. Shanga zenyewe hazikutengenezwa Zanzibar. Nyingi zilitoka Venise ya Italia, zikavuka bahari, zikafungwa katika mifuko na kubebwa na wapagazi. Stanley alipojitayarisha pale Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, kuchagua shanga kulimsumbua kichwa, sababu kila eneo lilikuwa na rangi yake: nyeupe zinapokelewa huku, kule hawazitaki hata bure. Mwishoni alinunua aina 11, zikajaza mifuko 22. Nyekundu ziliitwa samesame, na kule Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na nyingine walizoziita sofi, zilizotumika sokoni kabisa kama makuta. Mwaka 1883 Stanley huyo huyo akaanzisha kituo pale kwenye maporomoko ya mto, na mwaka 1887 Tippu Tip akawekwa kuwa gavana wake. Kituo kile ndicho Kisangani ya leo. Basi mteja akikukatalia mkufu juu ya rangi, usikasirike, amerithi.

Shanga za sasa zinazofika mpaka hapa zimepita njia nyingine. Zinatoka viwandani, mara nyingi Uchina, zinafika Kisangani katika vifuko vya plastiki, zinavuka mto mpaka Lubunga, kisha zinaingia barabara yetu ya zaidi ya kilometa mia mbili, juu ya pikipiki au baiskeli. Ndiyo maana bei yake hapa si bei ya Kisangani. Mtu aliyelipa bei hiyo hana haki ya kuzipoteza kwa sababu ya uzi mubovu.

Soma namba kwenye kifuko

Shanga ndogo za kioo zinapimwa kwa namba, na namba hii inatembea kinyume: ikiwa kubwa, shanga ni ndogo. Namba 6 (wanaandika 6/0) ina upana wa milimeta 4 hivi. Namba 8 ni milimeta 3. Namba 11 ni milimeta 2, na ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni kwa kazi ya kusuka. Namba 15 ni ndogo kabisa, inachosha macho, achana nayo kama hauna miwani na mwanga mzuri.

Kwa uzi, hatupimi shanga, tunapima tundu. Tundu la shanga ya namba 11 ni chini kidogo ya milimeta moja. Na katika kazi ya kusuka, uzi haupiti mara moja kama katika mkufu wa kawaida wa kutunga. Unapita mara mbili, mara tatu, kwenye mwisho mara nne. Hesabu hiyo ndiyo inayowashinda wengi: wanajaribu uzi, unapita vizuri mara ya kwanza, wanafurahi, kisha kufika mstari wa tatu sindano inakwama, wanailazimisha, na shanga inapasuka katikati ya kazi. Kwa hiyo kabla ya kuanza, chukua shanga tano kutoka kifuko chako na upitishe uzi mara nne katika kila moja. Ukikataa hata katika moja, tafuta uzi mwembamba zaidi.

Pia chagua shanga kama unavyochagua mchele. Zimwage juu ya kitambaa cheupe, au kipande cha blanketi ili zisikimbie, na utoe zile zilizopinda, zile nene kupita wenzake, na zile zenye ukingo uliovunjika kwenye tundu. Hizi za mwisho ni adui mkubwa. Ukingo wa kioo uliovunjika ni wembe: uzi unacheza juu yake kila mara mtu anapogeuza shingo, siku moja unakatika. Watu wanasema uzi ulioza. Haukuoza, ulikatwa.

Rangi nayo tuijaribu. Loweka shanga chache katika maji yenye sabuni, kisha uzisugue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, jua kwamba shati la mteja nalo litapata. Nyingine acha juani siku tatu ine. Ile rangi ya waridi inayovutia kabisa mara nyingi ndiyo inayokimbia ya kwanza.

Uzi: hapa ndipo mkufu unapoishi au unapokufa

Tuanze na ule ulio karibu zaidi: uzi wa cherehani. Kwa macho zote zinafanana, lakini kuna wa pamba na kuna wa poliesta, na tofauti yao ni kubwa. Uzi wa pamba unakunywa maji. Katika hewa yetu ya msituni, ambapo hata nguo kavu inanuka ukungu ukiisahau katika sanduku, pamba iliyolowa jasho kila siku inaoza. Inatanuka pia, mkufu unalegea, uzi unaanza kuonekana kati ya shanga. Pamba iache kwa nguo.

Namna ya kujua ni kwa moto. Kata kipande kidogo, ukishike kwa kibano au koleo, ukisogeze kwenye kiberiti. Pamba inawaka moja kwa moja, inanuka kama karatasi, na inaacha majivu laini ya kijivu. Poliesta na nailoni haziachi majivu. Zinayeyuka, zinajikunja, na kwenye ncha kunabaki kijidonge kigumu. Poliesta mara nyingi inatoa moshi mweusi. Usiguse kijidonge hicho kabla hakijapoa, kinashikamana na ngozi na kuunguza. Fanya hivyo dukani kama mwenye duka anakubali. Kama anakatalia, nunua kidogo, ujaribu nyumbani.

Poliesta ya cherehani ni uzi mzuri kwa shanga za namba 11, mradi uwe ule wenye nguvu, si ule unaokatika ukiuvuta kidogo kwa vidole. Hainywi maji, kwa hiyo mkufu haulegei majira ya mvua. Ubaya wake ni kwamba imesokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, na kupita mara nyingi kwenye matundu kunaitoa manyoya. Dawa yake tunayo hapa kwetu msituni: nta ya nyuki. Wale wanaorina asali wanajua, baada ya kukamua kinabaki kile kitu cha manjano ambacho wengine wanakitupa. Kiyeyushe polepole, ukichuje kwa kitambaa, kigande katika kifuniko cha chupa. Pitisha uzi juu yake mara mbili, kisha uuvute kati ya vidole ili joto la ngozi liishindilie ndani. Uzi unakuwa laini, haujifungi fundo wenyewe, na hauingii manyoya haraka. Usiweke nta nyingi. Kwenye shanga nyeupe na zile zinazoonyesha ndani, nta inashika vumbi na kuzifanya ziwe kama meno ya mvuta tumbako.

Wa pili ni nailoni ya kuloba samaki, ile ngumu inayoonyesha ndani kama kioo. Ndiyo inayopendwa zaidi Kongo nzima kwa mifuko ya shanga, na sababu inaeleweka: haihitaji sindano. Ncha yake inasimama yenyewe, unatunga kama unatumia waya. Na hapa kando ya Lomami haikosi, wavuvi wanaitumia. Kwenye karatasi yake kumeandikwa unene kwa milimeta. Kwa shanga namba 11 tafuta 0,20, au 0,25 kama kazi haina mistari mingi. Kwa namba 8, 0,25 mpaka 0,30. Kwa zile za plastiki za mifuko, za milimeta 6 au 8, unaweza kupanda mpaka 0,40 au 0,50. Wengi wanachukua nene wakifikiri nene ni nguvu. Lakini mkufu wa shanga ndogo hauna uzito wa samaki. Nailoni nene inaufanya usimame kama ubao, hauangukii shingoni, na fundo lake linakuwa kubwa, halijifichi ndani ya shanga.

Nailoni hii ina tabia tatu mbaya. Ya kwanza, inakumbuka mviringo wa gurudumu lake. Unasuka mkufu, unauweka mezani, unajikunja kama nyoka. Iloweke kwanza dakika chache katika maji ya moto yasiyochemka, uivute kwa mikono miwili, uiache ipoe ikiwa imenyooka. Ya pili, fundo lake linateleza. Fundo la kawaida halitoshi, tutalirudia mbele. Ya tatu ni jua. Nailoni iliyotundikwa mbele ya duka miezi na miezi inakuwa ya manjano na kavu, ukiikunja inapasuka. Kwa hiyo usikubali ile ya nje ya mlango. Omba ile iliyo ndani ya sanduku, na uikunje mara tano mahali pamoja. Ikibaki na alama nyeupe na kuvunjika, mwachie muuzaji wake.

Kuna nailoni nyingine ambayo wasukaji wengi hawaifikirii: uzi wa kushonea nyavu. Huu hauonyeshi ndani, ni mlaini, umesokotwa, na unauzwa kwa namba kama 210/2 au 210/3. Namba ya kwanza ni unene wa kila uzi mdogo, ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. 210/2 inaingia vizuri katika namba 8 na namba 6. Kwa namba 11, fungua msokoto na utumie uzi mmoja tu. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa hapa ambaye hana njia ya kuagiza vitu mbali, huu ndio uzi wa kwanza kujaribu kwa mkufu wa shingoni. Unanyumbulika, unavaliwa bila kukwaruza, na wavuvi wanauamini ndani ya maji mwaka mzima. Lakini kumbuka kwamba nailoni yote, tofauti na poliesta, inakunywa maji kidogo na kutanuka ikilowa. Kwa hiyo uvute kabla: funga ncha moja kwenye mti au msumari, shika nyingine, vuta kwa nguvu ya kadiri, shikilia kidogo. Kazi iliyosukwa kwa nailoni ambayo haikuvutwa inalegea yenyewe baada ya wiki mbili.

Huko nje kuna nyuzi zinazotengenezwa kwa shanga tu, na nyingine za kulobea zilizosukwa kwa plastiki yenye nguvu ya ajabu, ambazo kioo hakizikati upesi. Ukiwa na ndugu Kisangani au Kinshasa, mwambie aulize uzi wa kuloba uliosukwa, ule ulio mlaini kama kamba ya kiatu lakini mwembamba kama unywele. Ni ghali, lakini gurudumu moja linasuka mikufu mingi.

Na ile lastiki? Ni ya bangili. Shingoni haifai, mkufu wa kusuka unahitaji uzi unaobaki mahali pake, na lastiki inachoka kila siku.

Tusisahau nyuzi za wazee. Wakuba wa Kasai walishona shanga na kauri juu ya kitambaa cha rafia, na kazi zao nyingine zinaonekana mpaka leo katika majumba ya makumbusho. Rafia ikikaa pakavu inadumu. Juu ya shingo inayotoka jasho chini ya mzigo wa kuni, ni habari nyingine.

Namna ya kusuka: mraba wa shanga ine

Kuna mitindo mingi. Nitaeleza mmoja, ule wa miraba, sababu hauhitaji chombo chochote, na binti wa miaka kumi na miwili anaukamata kwa siku moja.

Kata uzi wenye urefu wa pima moja, yaani kutoka ncha ya mkono mmoja mpaka mwingine ukiwa umeinyoosha. Usikate mrefu zaidi ya hapo, utajifunga na utachoka kuuvuta. Kata kwa wembe. Ukikata kwa meno, ncha inakuwa kama ufagio. Tunga shanga ine, uzipeleke katikati ya uzi. Sasa chukua ncha ya kushoto na uipitishe katika ile shanga ya mwisho, kutoka upande ulio kinyume na ule ncha ya kulia ilikotokea. Vuta pande zote mbili. Shanga ine zinakaa mraba, na ncha mbili za uzi zinatoka katika shanga moja, kila moja upande wake. Shanga hiyo ni mlango wa mraba unaofuata.

Weka shanga moja kwenye ncha ya kushoto, moja kwenye ya kulia. Weka ya tatu kwenye moja kati ya ncha hizo, na upitishe ncha nyingine ndani yake kinyume. Vuta. Mraba wa pili umekwisha. Kwa hiyo mraba wa kwanza unakula shanga 4, kila unaofuata unakula 3 tu. Miraba 40 inaomba shanga 121. Ukihesabu hivyo kabla, haukwami njiani na rangi imekwisha.

Ukitaka mkufu mpana, unarudi na mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Mstari huu unakopa shanga za pembeni za ule wa kwanza: uzi unapita ndani yake kana kwamba ni mpya. Mraba wake wa kwanza unaongeza shanga 3, inayofuata inaongeza 2. Mstari wa pili wa miraba 40 unaomba basi shanga 81. Hapo ndipo utaona faida ya kujaribu tundu mapema, sababu shanga za pembeni sasa zimebeba uzi mara mbili, na bado hatujamaliza.

Kuhusu urefu, usiamini jicho. Suka miraba 10, pima kwa rula, kisha fanya hesabu. Shingo ya mtu mzima mara nyingi inaomba sentimeta 40 mpaka 45, na kifungio ndani yake.

Kuvuta ni jambo la mkono, halielezwi lote kwa maandishi. Mraba ushike bila kucheza, lakini mkufu uweze kuzunguka kidole chako bila kukataa. Wanaoanza wanavuta kwa hasira. Mkufu uliovutwa kupita kiasi unakata uzi wake wenyewe kwenye kingo za shanga.

Kama unatumia uzi mlaini na hauna sindano nyembamba, kuna njia mbili. Chukua unywele mmoja wa waya wa shaba kutoka ndani ya kamba ya radio iliyokufa, uukunje katikati juu ya uzi, uusokote: ni sindano. Au chovya sentimeta mbili za ncha ya uzi katika verni ya kucha, ziache zikauke, zikate mshazari. Ncha inasimama kama msumari mdogo.

Uzi ukikaribia kwisha, usifunge fundo la kuunganisha katikati ya hewa. Bakiza urefu wa kiganja. Ingiza uzi mpya miraba minne au mitano nyuma, uupitishe njia ile ile ya uzi wa zamani, funga fundo dogo kuzunguka uzi uliopo kati ya shanga mbili, endelea shanga mbili tatu, funga tena, endelea, kisha toka pale ulipoachia. Ncha ya zamani nayo iende mbele namna hiyo hiyo. Nguvu haiko katika fundo. Iko katika msuguano wa uzi ndani ya shanga nyingi.

Kwa nailoni ngumu, fundo la mwisho lifanywe kwa kuzungusha mara mbili kabla ya kukaza, kisha jingine juu yake upande wa kinyume. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, nailoni kavu ikikazwa haraka inajiunguza. Livute liingie ndani ya tundu la shanga. Wengine wanaunguza ncha kwa kiberiti ili iwe na kichwa. Inasaidia, lakini moto ukigusa fundo lenyewe umeliua, na kichwa kigumu kikibaki nje kinachoma shingo. Tone dogo la kola ni salama zaidi, nalo liwe dogo kweli.

Kifungio ni mahali pa pili ambapo mikufu inakufa. Vile vya chuma vya bei ndogo vina ukingo mkali na vinashika kutu na jasho. Kifungo cha shati upande mmoja na kitanzi cha shanga upande mwingine vinadumu zaidi, na kifungo kilichopotea kinapatikana kila mahali. Pitisha uzi kwenye kitanzi mara nne. Ndiyo, mara nne.

Mbegu za msituni na shingo za watoto

Kuna wanaochanganya shanga za kioo na mbegu. Zile za kijivu zinazong'aa kama jiwe, zinazoota kwenye nyasi kando ya maji na zina tundu lake la asili, ni nzuri kabisa na hazina gharama. Zikaushe vizuri tu, wadudu wasizile. Lakini zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo katika Kiswahili cha pwani wanaziita tipitipi, tuziogope. Ndani yake mna sumu kali. Mbegu nzima ikimezwa inaweza kupita, lakini ikitafunwa au ikitobolewa kwa kutungwa, sumu inapata njia, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Kuna mikufu ya namna hiyo inauzwa duniani kote sababu ni mizuri. Usiisuke kwa ajili ya nyumba yenye watoto, na ukiwa umeshaitoboa, nawa mikono.

Na kwa mtoto mchanga, kila kitu nilichosema juu ya nguvu ya uzi kinageuka. Mkufu usiokatika, juu ya shingo ya mtoto anayelala au anayetambaa, unaweza kumnyonga. Ukikatika, shanga zinaingia mdomoni na zinaweza kumziba pumzi. Mama akikuomba mkufu wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mshauri angoje. Utapoteza mafranka kidogo siku ile.

Hesabu

Tuchukue mfano tu, bei mtaweka zenu. Tuseme shanga za mkufu mmoja zimekula Fc 3.000, uzi Fc 300, kifungo Fc 100, na umeuza kwa Fc 8.000. Umebaki na Fc 4.600 kwa alasiri mbili za kazi. Sasa tuseme ulichukua uzi wa Fc 100. Umeokoa Fc 200. Mkufu ukirudi umekatika, na shanga nusu zimepotea, utatoa Fc 1.500 za shanga mpya, alasiri nyingine mbili, na yule mteja hatamleta dada yake. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anabishana nusu saa juu ya bei ya uzi na kununua shanga bila kufungua kifuko.

Wale wanaopeleka mikufu Kisangani wafikirie pia safari. Kwa mtumbwi au kwa pikipiki, mzigo unalowa. Mikufu ifungwe moja moja katika karatasi kavu, kisha katika plastiki, na ikifika itolewe na kutundikwa kivulini. Ikikaa imelowa ndani ya plastiki siku tatu, kifungio kinashika kutu.

Kabla ya kuuza mkufu wa kwanza kwa uzi usioujua, fanya jaribio moja. Suka kipande cha miraba kumi, funga chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye ncha yake, uitundike usiku kucha kwenye mti wa paa. Asubuhi pima kipande kile tena kwa rula. Kikiwa kimerefuka, uzi ulihitaji kuvutwa kabla. Kikiwa kimekatika, angalia ncha: ikiwa na manyoya, uzi ulikuwa dhaifu, ikiwa imekatwa safi, rudi kwenye shanga zako utafute ile yenye ukingo uliovunjika. Na katika kila kazi, weka shanga ishirini za rangi ile ile katika kichupa chenye jina la mteja. Rangi za kifuko kinachofuata hazifanani kamwe na za kile kilichopita, na siku mteja akirudi kwa matengenezo utakuwa na za kumjazia.